Mstari wa Mwenzi

Mjukuu wangu ni fundi wa lifti. Kazi yake ni kupanda na kushuka katika majengo ya watu, mfuko wa spana begani, na grisi kwenye kucha ambayo haikutoka hata siku ya harusi yake. Alioa miezi miwili iliyopita. Mkewe ametoka nchi nyingine, ndiyo maana jengo zima tunaloishi wanamwita Mgeni, na mwenyewe amelizoea hilo jina hadi anaitika. Ni msichana mpole, anashona mapazia ya watu pale pale sebuleni. Lugha yetu anaizungumza kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi: polepole, lakini hatelezi.

Mgeni ana mawe kwenye nyongo. Daktari alimwonyesha kwenye picha, akasema yatolewe kabla hayajaziba mahali pabaya, maana yakiziba hakuna tena kupangiana tarehe. Akampa wiki tatu: siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi, wodi ya ghorofa ya pili. Chini ya karatasi wakagonga mhuri mwekundu kwamba mgonjwa aje na kadi ya bima, bila kadi hapati kitanda.

Kadi ndiyo hatukuwa nayo. Alichokuwa nacho Mgeni ni karatasi ya njano ya ofisi ya ukaazi. Karatasi hiyo haisemi kwamba ameruhusiwa kukaa, wala haisemi aondoke. Inasema maombi yamepokelewa, basi. Kila Jumatatu anaipeleka igongwe mhuri kuthibitisha kwamba bado anasubiri. Upande wa mbele ulikwishajaa, wakaanza kugonga nyuma.

"Mke anafuata bima ya mume," mjukuu wangu alituambia. "Kazini wameniambia. Tunakwenda na cheti cha ndoa na hiyo karatasi ya njano, mambo yamekwisha."

Tukaenda wote watatu. Mimi nilifuatana nao kwa shida yangu, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, nikawa nimekwenda kuchukua barua ya kuidhinishiwa upasuaji.

Ukumbi wa bima una viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa bomba moja la chuma, mmoja akijikuna, safu nzima inatikisika. Madirisha ni sita, siku ile yalifunguliwa mawili. Ukutani wamebandika picha kubwa ya familia inayocheka, baba, mama na watoto, wote wana meno sawasawa kama wametoka kiwanda kimoja. Tulikaa chini ya miguu yao kuanzia saa mbili hadi saa tano na dakika kumi.

Karani wa dirisha la nne alikuwa mama wa makamo, sweta ya kahawia, chupa ya chai pembeni ya kompyuta. Barua yangu ya jicho aliitoa upesi. Alipofika kwa Mgeni akaangalia cheti, akaangalia karatasi ya njano mbele na nyuma, akabonyeza vitu, kisha akavua miwani.

"Lakini mwenzi wako yupo tayari," akamwambia mjukuu wangu.

"Ndiyo, huyu hapa."

"Huyo ni mpya. Nazungumzia yule wa siku zote. Ana miaka tisa humu." Akasoma jina langu, yote matatu, na mwaka niliozaliwa.

Nikanyanyua mkono. "Ni mimi, mwanangu."

Viti nyuma yetu vikaacha kutikisika.

Inabidi nieleze. Huyu kijana nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki. Miaka tisa iliyopita alipoajiriwa, alipewa fomu ya bima, tukaijaza nyumbani mezani. Ilikuwa na mstari wa mwenzi, halafu mistari ya watoto, basi. Mstari wa bibi haukuwapo. Alipouliza kazini, mwandikaji wao akasema fomu yenye mstari wa kwanza mtupu inarudishwa, kwa hiyo kama kuna mtu unayemtunza, mweke hapo. Tulicheka sana. Bibi gani hajamwita mjukuu wake mume tangu yuko kwenye nepi? Jina langu likakaa pale kwa raha zake, na kwa miaka tisa presha yangu imetibiwa kwa ndoa hiyo.

"Basi mtoeni bibi, muweke mke wangu," mjukuu akasema.

"Mwenzi hatolewi hivi hivi. Tunahitaji moja kati ya mawili, talaka au cheti cha kifo."

"Nimpe bibi yangu talaka? Hatujaoana."

"Kama hamjaoana mngesema miaka tisa iliyopita."

"Kati ya hivyo viwili," nikauliza, "kipi kinatoka upesi?"

Akafikiria kwa dhati kabisa. "Cha kifo. Talaka lazima ipite mahakamani."

"Bibi," mjukuu akasema kwa sauti ya kunikanya.

"Nauliza tu, mume wangu."

Neno hilo halikutusaidia. Karani alimtazama mwenzake wa dirisha la pili kama mtu aliyepata ushahidi, akatupeleka kwa mkubwa wake.

Mkubwa alikuwa na chumba chenye feni na kalenda tatu, zote za mwaka uliopita. Alitusikiliza hadi mwisho akasema hata kama mimi ningekufa leo, Mgeni angengoja miezi sita kwanza. Kwa mtu ambaye bado anasubiri ukaazi, bima haitazami ndoa changa.

"Kuna watu wanaoana ili watibiwe," akasema.

"Na wanaotaka kutibiwa ili waendelee kuishi na walioana nao," nikamuuliza, "hao wanapita dirisha gani?"

Akasema hilo ni swali zuri, akatufungulia mlango tutoke.

Nyumbani mjukuu wangu hakutaka hata nilizungumzie. "Hakuna mtu anayetolewa. Wewe una presha na jicho. Nitatafuta njia nyingine."

"Njia ipi?"

"Nitatafuta."

"Mimi nasubiri," Mgeni akasema. "Kusubiri najua. Nina karatasi."

Alisema kwa utani, na sote tukajifanya tumecheka.

Ijumaa mchana nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikasikia cherehani imenyamaza katikati ya mshono. Nilipotoka nilimkuta ameketi chini ya meza, magoti kifuani, ameng'ata pindo la pazia la mteja ili majirani wasisikie. Jasho linamtoka kama ametoka kuoga. Nilimshikia ndoo, akatapika mara nne. Katikati ya hayo yote akaniomba radhi kwa sababu ya pazia.

Maumivu yalimwachia baada ya saa nzima. Nikaliosha lile pazia mwenyewe, nikalianika, na wakati nalibana kwenye kamba nikawa nimeshaamua. Jicho langu linaona ukungu, lakini linaona. Nyongo haina ukungu, ikiziba imeziba.

Jumatatu, mume akiwa kazini, nikamchukua Mgeni tukarudi dirisha la nne. Karani alikuwa anakunywa chai.

"Mwanangu," nikamwambia, "sitaki talaka wala sitaki kufa. Nataka nafasi yangu apewe huyu."

"Mama, nilikueleza. Mwenzi hatolewi."

"Nimesikia. Nakueleza na mimi shida yangu." Nikamsimulia kuanzia cherehani iliponyamaza hadi ndoo, na pazia nikaliweka humo, rangi yake na maua yake. Mimi nikianza kusimulia siruki kitu. Watu kwenye foleni wakaanza kuguna. Karani akamtazama Mgeni, aliyekuwa ameegemea kaunta mkono ubavuni, akafunika kikombe chake kwa kisahani. Akainama, akatoa fomu kutoka mtoto wa meza wa chini kabisa. Ilikuwa na vumbi.

"Mwenzi hatolewi," akasema polepole. "Lakini taarifa za mwenzi zinarekebishwa. Jina likikosewa, linasahihishwa. Picha ikichakaa, inabadilishwa. Unanielewa?"

"Nakuelewa vizuri sana."

"Fomu inauliza, katika jina, ni herufi ngapi zimekosewa."

"Zote."

"Zote," akaandika. "Picha?"

"Hiyo nayo imekosewa."

"Uraia?"

"Ule ndio umekosewa kabisa."

Mgeni akanivuta nguo. "Bibi, huu si uongo?"

Karani alimjibu yeye mwenyewe. "Dada, mke wa huyu bwana ni nani?"

"Mimi."

"Na hapa anaandikwa nani?"

"Mimi."

"Uongo ulikuwa ule wa miaka tisa, na hakuna aliyeulalamikia. Ndoa yenu siigusi, ina miaka tisa humu ndani, muda wa kungoja ulikwisha zamani." Akabonyeza, akakunja uso. "Tarehe ya kuzaliwa ndiyo imekataa. Hiyo inafunguliwa na makao makuu, miezi minne."

"Iache," nikasema.

"Atakuwa na miaka sabini na moja."

"Ninayo mimi, haiumi."

Hakucheka. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, akanitazama mimi badala ya kompyuta. "Mama, uelewe jambo moja. Nikibonyeza hapa, wewe hukuwahi kuwamo. Dawa, kliniki, na hiyo barua ya jicho niliyokupa juzi. Sitaweza kukurudisha."

Barua ilikuwa mkobani, nimeikunja mara mbili ndani ya leso. Niliitoa nikaisukuma chini ya kioo.

"Bonyeza, mwanangu."

Kadi ilitoka ikiwa na joto. Uso wa Mgeni, jina la Mgeni, na umri wangu.

Jioni mjukuu wangu aliisoma akiwa bado na mfuko begani. Alikwenda kunawa mikono, akakaa bafuni muda mrefu kuliko grisi yoyote ninayoijua. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Umeniachia mke mzee, bibi," akasema.

"Nilikulea vizuri. Utamheshimu."

Jumatano saa mbili tulikuwa hospitali. Foleni ya mapokezi ilizunguka nguzo mara mbili. Mpokezi alipitisha kadi kwenye kimashine chake, akaruka, akaita kiti cha magurudumu. Waliozidi miaka sabini hawapangi foleni pale, wanapita mlango wa pembeni, na wanasukumwa hata kama wanaweza kukimbia, ndio utaratibu. Mgeni akajaribu kueleza.

"Kaa, bibi, usijichoshe," mhudumu akamwambia, akamfunika shuka magotini. Mimi nikafuata nyuma kwa miguu, nimebeba begi.

Kila mtu aliona uso wake. Sijui niseme nini zaidi. Muuguzi alimwona, daktari wa usingizi alimwona, na kila mmoja aliangalia kadi, akamwangalia yeye, kisha akaiamini kadi. Muuguzi akawa anamwinamia sikioni akisema kwa nguvu, "Bibi, unanisikia? Umekula chochote?" Mwingine akamsifu kwamba amejitunza, akamuuliza anapaka nini.

Saa sita kasoro daktari alitoka na kichupa. Mawe kumi na moja, makubwa kama punje za mahindi. Alisema moja lilikuwa limeshafika mlangoni, na kama tungechelewa wiki nyingine, tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Mjukuu wangu akakishika kichupa kwa mikono miwili.

Aliporuhusiwa kesho yake mchana, muuguzi alimletea daftari atie sahihi, na fimbo ya kutembelea, mpya, yenye mpira chini. Wazee wote wanaofanyiwa upasuaji hupewa, na isipochukuliwa hesabu ya stoo haikai sawa.

Mgeni akasaini. Akashuka kitandani taratibu, mkono tumboni, akanikabidhi fimbo.

Ngazi za nje ni za saruji nyeupe, na jua lilikuwa kali, kwa jicho langu zote zilikuwa ubao mmoja mtupu. Nikatanguliza fimbo nikaitafuta ya kwanza. Mgeni akanishika kiwiko upande wa kushoto.

"Polepole, bibi," akasema. "Ziko kumi na nne. Nakuhesabia."