Mshika Ubao

Mwinjuma alirudi Kang'ata na meli. Si kwamba aliibeba begani, ingawa siku hizo za Mdachi watu walishabebeshwa makubwa kuliko hayo. Aliirudisha mdomoni, na humo mdomoni ikawa inakua. Alipofika tu, meli ya Nyanza ilikuwa ndefu kama uwanja wa boma la Handeni. Mahindi yalipotoa ndevu, ilikuwa imelipita gari-moshi la Korogwe. Kufika mavuno, ukisimama mbele humtambui aliyesimama nyuma, hata awe mkweo.

"Na tumbo lake je?" vijana walimchokoza.

"Tumbo! Mnaijaza karanga kutwa, mnaiongeza ngozi, mnaiongeza mchele, nayo inawatazama tu kama mke mwenza: hicho ndicho chakula?"

"Na wewe humo ulikuwa nani?"

"Serahangi, mkubwa wa mabaharia. Mzungu akisema na mimi, mimi nasema na meli."

Ukweli ulikuwa mfupi kuliko meli. Mwinjuma hakuwahi kusafiri nayo hata kidogo. Alikuwa kibarua wa gati kule Mwanza, na kazi yake ilikuwa kushika ubao. Ubao ulilazwa kutoka gatini hadi ubavuni mwa meli, wapagazi wakapita juu yake na magunia. Meli ikiyumba, ubao huteleza, kwa hiyo lazima mtu aikalie ncha ya huku gatini na kuikumbatia. Wenzake waliiita kazi ya mvivu, na ndiyo maana aliililia. Siku moja aliuacha ubao. Kibwana, rafiki aliyetoka naye Kang'ata katika msafara mmoja, alikuwa katikati, gunia la karanga mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso. Alitumbukia kati ya gati na meli, na gunia halikumwachia.

Sasa neno kama hilo unamwambiaje mama wa mtu? Mwinjuma alimwambia Bi Zamda kwamba mwanawe alikufa kwenye tufani, ameshika usukani, akiokoa watu. Bi Zamda hakulia. Alisema, "Basi alikuwa mwanamume," akashika jembe akaenda kupalilia. Tangu hapo akawa anamwekea Mwinjuma chakula kila jioni. Mwinjuma alikaa mbele ya sahani ile akidhani hakitashuka. Kilishuka. Hilo nalo lilimtia haya, kwamba kilishuka, tena kitamu.

Baada ya mavuno Bi Zamda alitangaza hitima. Ikishasomwa, kaka yake, mzee Mdoe, angemvika Mwinjuma kanzu ya marehemu mbele ya watu, naye angerithi jina: angeitwa Kibwana, angelima shamba la Kibwana, angekuwa mtoto wa nyumba ile mpaka kufa kwake.

"Aliyemfumba mwanangu macho ndiye mwanangu," alisema Bi Zamda.

Mwinjuma hakumfumba mtu macho. Mwili ulipoopolewa, yeye alikuwa amejificha nyuma ya marobota ya ngozi.

Siku ya hitima watani nao wakaja. Mzigua akifiwa, Mnyamwezi hukosi kumwona: anatukana, anachekesha, anapora chungu jikoni, na ole wake atakayenuna. Hawa walitoka mashamba ya mkonge ya Korogwe, na kinara wao alikuwa Lugusha, mtu mrefu mwenye sauti ya kupigia mbiu. Alikwenda moja kwa moja akakalia kifuniko cha sufuria.

"Wazigua, mmefiwa au mmeshiba? Ubwabwa huu mnamficha nani?" Kisha akamwona Mwinjuma ameketi juu ya mkeka mpya kama bwana harusi. "Eh! Na huyu?"

"Mtazame kwa adabu," mzee Mdoe alisema. "Huyo ni serahangi wa meli ya Nyanza."

"Serahangi!" Lugusha alishika kiuno. "Mimi nimepakia meli ile mpaka bega likaota sugu. Huyu alikuwa mshika ubao! Na ubao wenyewe hakuushika! Aliuacha, Mzigua mwenzenu akaenda na karanga zake kuwalisha samaki!"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mtani gani huyo, walisema, huyu kasomea! Hata Bi Zamda, ambaye hakuna aliyemwona akicheka tangu habari zifike, alijifuta macho kwa upindo wa kaniki. "Mtani, ushindwe na ulegee!"

Mwinjuma alicheka kuwapita wote. Ukweli ulikuwa umekatiza uwanjani uchi, na watu wakaupigia makofi. Lugusha peke yake hakucheka. Alijipakulia wali, akapita karibu na mkeka, akainama kidogo.

"Mimi nimeshasema," alinong'ona. "Lililobaki si langu."

Hitima ikasomwa. Mzee Mdoe akaikunjua kanzu. Ilikuwa imefuliwa, ikafukizwa udi, na kwapani palikuwa na kiraka kipya, mshono mdogo mdogo wa mtu asiyeona vizuri.

"Inua mikono, mwanangu," alisema Bi Zamda.

Mikono haikuinuka.

"Mama, mtani hakutania."

Wakaangua kicheko tena. "Na wewe umeshakuwa Mnyamwezi?" mtu alipiga kelele.

"Hakutania," Mwinjuma alirudia, bila kucheka safari hii. "Hakukuwa na tufani. Hakushika usukani. Nilikuwa nimeuacha ubao."

Kicheko kilikufa kidogo kidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka wakasikika kuku tu.

"Uliuacha ukaenda wapi?" Bi Zamda aliuliza.

"Sikwenda mbali. Nahodha Mzungu alikuwa amepita. Nikainuka nikamwigiza mwendo wake, wapagazi wakacheka."

"Na Kibwana?"

"Alikuwa juu ya ubao. Akageuza shingo anitazame. Alicheka, mama."

Mzee Mdoe aliinuka na fimbo. Bi Zamda alimzuia kwa kiganja tu, akaichukua kanzu mikononi mwa kaka yake, akaikunja, mkono juu ya mkono, akaiweka mapajani na kuifunika kwa kaniki yake.

"Simama," alisema. "Nionyeshe."

"Mama..."

"Usiniite hivyo. Nionyeshe alichokicheka."

Mwinjuma alisimama. Akatoa tumbo mbele, akatanua miguu kama mtu ambaye ardhi inamyumbia, akabana mdomoni kiko kisichokuwepo, akaanza kutembea. Watu waliinamisha vichwa. Lugusha aliutazama wali wake. Mwinjuma alifika mwisho wa mkeka, akasita.

"Ndipo mwanangu alipoanguka?"

"Bado."

"Basi endelea," alisema Bi Zamda.