Mbwa Saba, Kitambaa Kimoja

Mbwa wa tatu alikufa Alhamisi asubuhi, akitafuna hewa kama mtu anayekula mkate usiokuwepo. Mtunza mbwa wa kampuni ya ulinzi alimfunika gunia, akampigia simu shemeji yake, daktari wa mifugo.

Daktari huyo huwa haingii mahali bila utani. Safari hii alipita mabanda yote kimya. Macho yenye tongo, pua zenye kamasi nzito, kikohozi.

"Shemeji, hii ni distempa. Kirusi. Kinaingia puani, kinapiga kambi kwenye matezi ya koo, kinaua kwanza askari wa mwili. Halafu kinasafiri na damu: mapafu, tumbo, mwisho ubongo. Ndiyo maana wanatafuna hewa."

"Kila mmoja ana banda lake. Kimepitaje ukuta?"

"Niambie wewe. Yule wa mwisho mbona mzima?"

"Yule mkorofi. Hakubali kupanguswa."

"Kupanguswa?"

Mtunza alieleza, bado na fahari kidogo. Kila asubuhi, miaka kumi na miwili sasa, huwapangusa macho na pua kwa maji ya vuguvugu. Huanza na mgonjwa, asije akasubiri.

"Kitambaa kimoja?"

"Nakisuuza."

"Kwenye ndoo ileile."

Mtunza aliitazama mikono yake.

"Na chanjo?"

"Bosi alisema mwakani."

"Haya. Choma kitambaa. Kila banda na chombo chake, na unawe kwa sabuni kabla ya kugusa mwingine."

Kati ya wagonjwa watatu waliobaki, wawili walikwisha wiki hiyo kwa kuhara. Wa tatu alikuwa Malkia, jike ambaye mtunza alimlea kwa chupa nyumbani kwake. Homa ilishuka, akala, akatikisa mkia.

"Amepona," mtunza alisema.

"Usishangilie. Kirusi hiki huaga mlangoni kikarudi dirishani. Mwangalie bega; likianza kucheza, ujue kimefika ubongoni."

Akaliangalia bega lile asubuhi, mchana na jioni. Siku ya kumi na mbili lilianza kucheza lenyewe, kidogo, kama linafukuza nzi. Siku ya kumi na nne Malkia alianguka, miguu ikipiga sakafu, povu mdomoni, mara nne kabla ya saa sita mchana.

Mtunza alimshika mguu, daktari akatafuta mshipa.

Mabanda yalikuwa saba. Watano walikufa wenyewe, mmoja kwa sindano. Amebaki mmoja.