Karwirwa Mwingine

Wivu wa Kiende ulikuwa na makao yake: nyumba ya juu, ile ya mabati ya kijani, iliyomtazama kila alipoinua kichwa jikoni kwake. Humo aliishi Wawira, mke wa shemeji yake, aliyeolewa hapo Kanyakine kutoka Karurumo. Wake hao wawili wa ndugu wawili walijifungua mwaka mmoja, wote wasichana. Na kwa kuwa binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, wote wawili wakaitwa Karwirwa. Shuleni wakaandikishwa kwa jina la babu yao: Karwirwa Kathuri na Karwirwa Kathuri.

Wa juu alisoma gazeti akiwa na miaka saba. Wa chini, wa Kiende, alikuwa ametimiza miaka kumi, amekaa darasa la tatu miaka miwili, na herufi bado zilimkimbia kama kuku waliotupiwa jiwe. Kuketi hawezi. Ukimtuma chumvi, anarudi na kinyonga. Sokoni, watu walipotaka kuwatofautisha, waliuliza bila aibu:

"Unasema Karwirwa yule mwerevu, au yule mwingine?"

Mwingine! Neno hilo lilimkwama Kiende kooni kama ganda la mahindi.

Likizo ya Desemba ilipokaribia kwisha, Mwalimu Ndambiri alimwita.

"Mama Karwirwa, mpeleke Meru mjini akapimwe. Yuko daktari wa saikolojia anayepima jinsi mtoto anavyoshika mambo, anavyokumbuka, anavyotulia. Nikipata ripoti yake kufikia Jumatatu, tutamtafutia mwalimu wa kumsaidia na ataingia la nne na wenzake. Bila ripoti, kamati itamrudisha la tatu. Na ubebe madaftari yake, daktari huyataka."

Siku ya kwenda, asubuhi, Kiende aliyafungua madaftari hayo. Wino mwekundu ulikuwa umetapakaa kila ukurasa. Pembe zimetafunwa. Katikati ya hesabu amechorwa ng'ombe mwenye miguu sita. Daktari ayaone haya? Amcheke?

Akapanda kwa Wawira kuomba majani ya chai. Wawira alikuwa zizini, anakamua.

"Ingia tu, yako mezani!" Wawira alimwitia. "Leo ndiyo leo, ee? Mwambie mtoto asiogope. Mungu awatangulie."

Hata huo upole ulimchoma. Ni rahisi kuwa mpole, alijisemea, ukiwa na mtoto wa kuonyesha watu. Na pale mezani, kando ya majani ya chai, kulikuwa na madaftari matatu yaliyofunikwa kwa karatasi ya kaki, safi kama siku yaliponunuliwa. Juu yameandikwa Karwirwa Kathuri. Kwani huyo anayepelekwa hospitali anaitwa nani? Mkono wa Kiende ukayachukua, ukayafutika chini ya leso.

"Ukiulizwa habari za madaftari," alimwambia binti yake njiani, "nyamaza. Umesikia?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Daktari Ijabo alikuwa mwanamke mrefu wa mtandio wa zambarau, mzaliwa wa mjini Meru, na alimsalimia mtoto kwa Kimeru kilichonyooka hadi mtoto akacheka. Karwirwa alipokataa kumwachilia mama yake, daktari alimwekea Kiende kiti kwenye kona.

"Kaa hapo, mama. Lakini usimsaidie hata kwa macho."

Saa mbili nzima Kiende alikaa akizitafuna kucha zake. Mtoto alitajiwa tarakimu, akaambiwa azirudishe kinyumenyume. Alipofika ya tatu zikampotea. Aliambiwa akate kwa kalamu kila picha ya mwavuli kwenye karatasi iliyojaa picha. Akaanza vizuri, kisha akasimama kuangalia pikipiki dirishani. Alipewa vipande vya mbao, vyekundu na vyeupe, avipange vifanane na mchoro; hapo alinyamaza, ulimi nje, vidole vikienda mbio. Aliambiwa aandike sentensi tatu. Aliandika moja, nusu yake imegeuka kama iliyotazamwa kwenye kioo.

Mwishowe daktari akavuta yale madaftari ya kaki aliyokabidhiwa na Kiende. Akafungua moja. Akafungua la pili. Akaiweka karatasi ya mtoto kando yake na kukunja uso.

"Karwirwa, hili ni daftari lako?"

Mtoto aliliangalia jalada. Jina lake alilijua.

"Jina ni langu."

"Unaandika vizuri namna hii shuleni, halafu mimi unaniandikia hivi? Niambie tu, sitakugombeza. Umechoka, au hukutaka?"

Karwirwa aligeukia kona. Aliyatazama macho ya mama yake kwa kitambo, yule mtoto asiyeweza kutazama kitu kimoja kwa dakika. Kisha akamrudia daktari.

"Sikutaka."

Daktari akashusha pumzi, akachukua kalamu. "Haya. Basi, mama, itabidi niandike kwamba uwezo wa kusoma anao, ila hana bidii. Hilo ni la nidhamu. Watalimaliza shuleni."

Watalimaliza vipi, Kiende alijua. Kwa kiboko. Na mtoto wake alikuwa amejitoa kafara, kimya, kwa kosa ambalo hakulifanya.

"Daktari, ngoja." Alisimama hadi kiti kikaanguka. "Hayo madaftari si yake."

"Ni ya nani?"

"Ya Karwirwa."

"Karwirwa si huyu?"

"Ya Karwirwa mwingine!"

Likamtoka, naye akalisikia. Miaka yote neno hilo lilikuwa la mtoto wake. Leo ndiyo mara ya kwanza kumvisha yule wa juu. Aliketi chini na kueleza yote, uso umemwiva. Daktari hakumcheka.

"Nitahitaji kuyaona yaliyo yake, leo hii, kama ripoti ni ya Jumatatu. Kuna mtu nyumbani wa kuyapiga picha?"

Alikuwepo mmoja tu. Kiende alipiga simu kama anayemeza mwarobaini.

"Mama Karwirwa," alianza, "yale madaftari ya kaki..."

"Ni wewe!" Wawira alifoka. "Nimepindua nyumba nzima! Mtoto analilia kazi yake ya likizo! Ungeniomba, ningekunyima?"

"Ungenipa. Ndiyo maana sikuomba."

Kiende akamweleza picha anazotaka daktari. Sauti ya Wawira ikashuka. "Yako wapi ya huyo wako?"

"Chini ya godoro."

Picha ziliingia moja baada ya nyingine, hata ng'ombe wa miguu sita. Daktari alizitazama kwa makini na kutikisa kichwa kukubali.

"Haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Mistari miwili ya kwanza ni mizuri, wa tatu unaanguka. Huyu si mvivu, mama. Herufi zinamsumbua, na utulivu unamwishia mapema. Anahitaji kufundishwa kwa njia nyingine. Lakini hivi vipande vya mbao! Mwaka mzima sijaona mtoto wa umri wake aliyevipanga upesi hivi."

Kiende aliinua kichwa.

"Na yule wa juu angevipanga kwa muda gani?"

"Yule wa juu sijampima," daktari alisema, akicheka kwa mara ya kwanza. "Ripoti niandike jina gani? Karwirwa Kathuri?"

"Hapana. Andika Karwirwa wa Kiende. Na hilo la mbao, daktari, liweke juu kabisa, kwa herufi kubwa."