Kibeti Anafikiria

Mke wangu Nereida alikufa mwezi wa pili, lakini kwenye gemu alikuwa bado amekaa uwanjani anauza dawa.

Hapa Havana vijana walitandaza waya juu ya mapaa, nyumba hadi nyumba, mpaka mtaa mzima ukawa unacheza gemu moja, kisha mtaa wa pili, kisha nusu ya jiji. Hakuna mkubwa aliyewasaidia hata kwa msumari. Waya mmoja ulipita juu ya paa letu la Lawton, na fundi wao, Osniel, akatuunganisha na sisi kama shukrani. Mimi sikujali. Nereida alijali. Alikuwa amestaafu kiwanda cha sigara, mwanamke wa miaka sitini na tatu, na haikuchukua muda akawa mtu wa kuheshimika katika nchi yenye mazimwi.

Kule alikuwa kibeti, yeye ambaye hapa nyumbani alinizidi urefu. Alikuwa na vikia viwili vya nywele na mkoba mkubwa kuliko mgongo. Sasa, kwenye gemu hilo mtu akitaka kupumzika anaweza kumketisha mhusika wake uwanjani, amfungulie genge, kisha azime kompyuta yake na kuendelea na maisha. Mhusika anabaki pale anauza peke yake mpaka bidhaa ziishe au mpaka seva izimwe. Siku ile tunamkimbiza hospitali, gari limeshafika mlangoni, Nereida alikuwa anamketisha. Nikamwambia twende. Akasema, "Ngoja nipange chupa." Juu ya kichwa chake akaandika: DAWA IPO.

Kwenye gemu ilikuwepo. Hospitalini haikuwepo. Daktari alinitajia jina, nikaenda kuitafuta, na Nereida alipokata roho mimi nilikuwa ng'ambo ya jiji nabishana na mlango uliofungwa. Watu waliotakiwa kuileta ile dawa wapo, wana majina na magari, na wote ni wazima wa afya.

Mwezi wa tano wakubwa hao hao wakakumbuka kwamba juu ya mapaa kuna waya. Wakatangaza kwamba mtandao wote unachukuliwa na kampuni ya serikali, na seva zitazimwa Jumapili saa kumi alasiri. Walisema ni kwa manufaa ya watumiaji. Huwa wanasema hivyo kabla ya kuchukua kitu.

Osniel alikuja Alhamisi kuniambia. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mikono imejaa makovu ya waya, na hajui kutoa habari mbaya bila kwanza kuomba kahawa. Alikunywa, akaweka kikombe.

"Mzee Eudaldo, Jumapili wanazima. Seva ikizimwa tu, bibi anaondoka."

"Si utamwamsha baadaye."

"Paswedi aliondoka nayo. Nimejaribu tarehe ya kuzaliwa, nimejaribu jina la mbwa. Jina lako pia nimejaribu."

"Langu limekataa?"

"Ndilo nililoanza nalo."

"Na la mbwa?"

"Nalo limekataa."

"Afadhali," nikasema.

Akafungua kompyuta ya Nereida, akaingia kwa mhusika wake yeye, kijana mwenye panga mbili na kifua wazi, akamkimbiza mpaka uwanjani. Nikamwona mke wangu. Amekaa chini, miguu ameikunja, mkoba pembeni, na maandishi yake juu ya kichwa. Osniel, kwa nia njema, akamketisha yule kijana wake karibu naye. Nikaona mwanamume mwenye kifua wazi amekaa na mke wangu. Sikupenda.

"Mtoe huyo," nikamwambia. "Nataka niende mwenyewe. Hospitali nilichelewa. Safari hii wamenitajia na saa."

Osniel akaenda kumwita mkewe, Maylén, kwa sababu Maylén anacheza vizuri kumzidi, jambo ambalo mtaa mzima unalijua ila Osniel. Alikuja na taulo kichwani, nywele bado zina rangi, akavuta kiti.

"Haya mjomba, kwanza tuchague kabila," akasema. "Kuna binadamu, kuna wenye masikio marefu, kuna majitu, kuna watu wa gizani, na vibeti. Binadamu anafaa kwa kila kitu."

"Hapana. Binadamu nimeshakuwa."

"Basi masikio marefu. Wepesi, wazuri, wanapiga mishale toka mbali."

"Wakipigwa je?"

"Wanakufa."

"Endelea."

"Majitu ndiyo yenye nguvu. Unapewa shoka, unapasua tu. Wewe na hasira zako, hilo ndilo lako."

Nilifikiria. Nina orodha ya watu wa kupasua, lakini hawachezi gemu. Watu wa gizani sikuwataka hata niliposikia wanafanya nini, maana wanavizia na kuchoma kisu mgongoni, na wa hivyo tunao wa kutosha ofisini.

"Aina ya mchezo je?" akauliza Osniel. "Unataka kupiga, kuponya au kuwakinga wenzako?"

"Kutembea."

"Hakuna kazi ya kutembea, mzee."

"Nani anafika uwanjani mapema?"

Walitazamana. Miaka yote ile walikuwa wanachagua watu kwa nguvu ya pigo na urefu wa nywele. Hakuna aliyewahi kuuliza nani anafika mapema. Kila kabila linaanzia kijijini kwake, na malango ya kurukia mjini yamefungwa kwa wageni mpaka wakomae, kazi ya wiki mbili kwa mtu anayeandika kwa kidole kimoja. Kwa hiyo ilikuwa ni miguu tu.

"Binadamu yuko karibu," akasema Osniel. "Anavuka daraja moja, kafika."

"Darajani kuna mbwa mwitu, we naye," akasema Maylén. "Watamla."

"Si tutamsindikiza?"

"Utamsindikiza, utakata wawili, wa tatu ameshamla mzee, mzee karudi kijijini kuanza upya. Tena na tena mpaka Jumapili. Mpeleke kwa vibeti."

"Vibeti wako kule juu kwenye theluji, Maylén. Ni mwisho wa dunia."

"Lakini wanyama wa kule hawamgusi mtu asiyewagusa. Mjomba, wewe ukikutana na dubu utamgusa?"

"Sina shida na dubu."

"Basi ni kibeti."

Kukawa na kuchagua sura. Kulikuwa na ndevu za aina tatu. Nikaomba ya mzee, Osniel akasema vibeti wote ni wazee. Nikachagua ya kijivu. Maylén akauliza jina, nikasema Eudaldo, akasema watu hawatumii majina yao ya kweli kule, nikasema mimi sijifichi, wanaojificha tunawajua. Jina likakubaliwa mara moja. Hakukuwa na Eudaldo mwingine.

Ijumaa asubuhi nikaanza safari. Sina la kusimulia sana juu ya theluji, sijawahi kuiona ya kweli wala sidhani nimekosa kitu. Unabonyeza mbele, kibeti anakwenda. Dubu walikuwepo, tukapishana. Umeme ulikatika kabla ya chakula cha mchana, ukarudi, ukakatika tena. Kila nikiingia nilimkuta kibeti wangu pale pale nilipomwachia, amesubiri bila kulalamika, ndiyo maana wakubwa wangempenda. Maylén alipita mara mbili kunielekeza njia panda, mara ya pili ameshaosha ile rangi, nywele zimekuwa nyekundu. Osniel alisema kwa sauti ya mjuzi kwamba ningekuwa binadamu ningeshafika. Maylén akamwambia angekuwa ameshaliwa.

Jumamosi mchana nikaingia uwanjani, nikakuta foleni.

Nirudie, ili ieleweke. Kwenye gemu hakuna haja ya foleni. Watu elfu moja wanaweza kumgusa muuzaji mmoja kwa wakati mmoja, na wote wakahudumiwa. Mashine haijali. Lakini watu walisikia seva zinazimwa, wakataka kupigana vita vyao vya mwisho, dawa za Nereida zilikuwa nzuri na bei rahisi, wawili wakasimama mbele yake wakisoma bei, na wa tatu alipotokea, akiwa mtu wa Havana, akauliza yule wa mwisho ni nani. Basi. Foleni ikazunguka kisima, ikapita mbele ya mhunzi. Majitu, wenye masikio, watu wa gizani wenye visu vyao, wote wamepanga mstari.

Nikaandika, herufi moja moja: "Nani wa mwisho?"

Juu ya kichwa cha jitu moja la kijani, pana kama kabati, yakatokea maneno: "Mimi, babu. Lakini mbele yangu kuna mwanamke kaenda kufua, anarudi."

Jitu lile liliitwa Mkate Mtupu. Nilimuuliza wanauzaje. Akasema kila mtu chupa moja, foleni imekubaliana, maana kuna mmoja alitaka zote wakamzomea mpaka akatoka kwenye gemu. Nikamuuliza zimebaki ngapi. Akasema chache, na zikiisha muuzaji anasimama na kupotea.

Hapo ndipo nilipoelewa hali. Nilikuwa nimetembea kutoka mwisho wa dunia ili nikae na mke wangu mpaka saa kumi ya Jumapili, na mbele yangu kulikuwa na watu wanaompunguza, chupa baada ya chupa, kwa utaratibu mzuri.

"Mkate Mtupu," nikaandika, "huyo muuzaji ni mke wangu. Alifariki."

Lile jitu likageuka kunitazama. Kisha: "Pole, babu. Pita mbele yangu."

"Na wa mbele yako?"

"Huyo kaenda kufua. Mimi ndiye ninayemshikia. Pita, nitazungumza naye."

Lakini wa mbele zaidi hawakunijua, na maneno yangu yalikuwa polepole kuliko mikono yao. Walinunua. Kila aliyenunua alitangaza idadi kwa sauti, kama tufanyavyo kwenye mkate. Nilipofika mbele na kumgusa Nereida, dirisha likafunguka: chupa moja.

Nikalifunga dirisha. Nikamketisha kibeti wangu pembeni ya mkoba wake.

Baada ya muda mmoja wa watu wa gizani, wa tano hivi nyuma yangu, akaandika, "Mzee, unanunua?"

"Nafikiria."

"Unafikiria nini? Ni chupa."

"Bado nafikiria."

"Basi toka tupate sisi."

"Kijana," likasema jitu, "mwenzio yuko mbele, zamu yake haijaisha. Nawe ukifika mbele utafikiria utakavyo."

Angeweza kumgusa Nereida kutoka pale pale alipo, akanunua, mambo yakaisha. Kila mtu pale angeweza, kwa kidole kimoja tu. Hakuna aliyefanya hivyo. Walinitukana, wakatukana mama yangu na ndevu zangu, wakaniita mhandisi kwa kufikiria kwangu, mmoja akasema mimi nimetumwa na serikali, hilo ndilo pekee lililoniuma. Lakini kupita mbele ya mtu, hapana. Mwishoni mwa foleni wageni walizidi kuja na kuuliza nani wa mwisho. Wakiulizwa kinauzwa nini hawakujua.

Tulikaa hivyo. Mwanamke aliyekwenda kufua akarudi, akaelezwa, akasema hana haraka, nguo hazijakauka. Nililala kwenye kiti na kuamka, Nereida yupo.

Jumapili baada ya chakula umeme ukakatika kwetu.

Nikatoka nje. Mtaa mzima umezima, na Osniel amesimama juu ya paa akinitazama kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. "Kwa shangazi yake Maylén," akasema. "Wako laini moja na zahanati, kule hawakati." Tukaibeba kompyuta ya Nereida kwenye toroli la matofali, skrini nimeikumbatia mimi, Maylén mbele anafukuza mbwa. Shangazi alikuwa anatazama tamthilia. Akasema tusimwage kitu, akahamisha kiti chake.

Ilikuwa imekaribia saa kumi nilipoingia tena. Nilitegemea kukuta kisima na mhunzi tu.

Alikuwepo. Amekaa vile vile na mkoba wake. Mahali pangu pembeni yake palikuwa patupu, maana asiye na genge hutoweka kompyuta yake ikizima, na hatua moja nyuma ya mahali hapo alisimama Mkate Mtupu, na nyuma yake foleni imetoka nje ya lango la mji.

"Nimewaambia umekwenda kukojoa," akasema.

"Wamekubali?"

"Wamesema wazee ndivyo walivyo."

Nikamketisha kibeti pale pale. Osniel akakaa sakafuni, Maylén akasimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Uwanjani hakukuwa na aliyetukana tena. Nadhani habari ilikuwa imepita mdomo kwa mdomo mpaka mwisho, au walichoka. Yule mtu wa gizani alikuwa amekaa chini, visu vimewekwa.

"Babu," akaandika Mkate Mtupu, "hiyo dawa yenyewe ni ya nini? Nimesimama toka jana sijauliza."

Nikamgusa Nereida nisome. Ilikuwa ya mapafu, ya kuvuta pumzi chini ya maji. Nikaanza kumjibu. Nikaipata M, nikaipata A, Osniel akataka kuniandikia, nikamwambia aniache.

Nilikuwa natafuta P walipozima.