Swali la Kituo cha Hospitali

Ukiwa na mke, ukosi ukikunjika unaambiwa. Fundi makochi alitoka kwake asubuhi ile, akakatiza mitaa, akafika ukumbi wa jiji na ukosi umejipinda kisogoni kama sikio la mbuzi, na njia nzima hakutokea wa kumwambia. Aliyemwambia ni askari wa mlangoni, na yeye kwa sababu ya kazi yake tu.

"Mzee, shingo hiyo," askari alisema huku akimpapasa mifuko. "Wakubwa wakikuona hivyo watadhani umekuja kuomba."

"Kwani nimejia nini?"

"Kuomba kuna mlango wake. Huu ni wa kusikiliza. Panda juu, kushoto, na ukishakaa usikohoe ovyo."

Fundi akajinyoosha, akapanda.

Alikuja kusikiliza swali moja. Wakubwa wa jiji walikuwa wameifunga barabara ya hospitali, magari yasipite, iwe ya waenda kwa miguu na baiskeli, na kituo cha basi kilichokuwa mbele ya geti wakakihamishia ng'ambo ya daraja. Hilo wao waliliita hewa safi. Mkewe fundi alikuwa akienda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, anatoka pale miguu kama uzi. Kwake yeye hiyo hewa safi ilikuwa ni kulipanda daraja ameshikilia chuma cha pembeni, apumzike, ashikilie tena. Siku moja akapumzika moja kwa moja, mfuko wa dawa bado uko mkononi. Fundi alikuwa karakana anagongomea kochi la mtu, akaletewa habari na misumari ingali mdomoni.

Baada ya msiba alikwenda kwa diwani wa kata yake, mwanamke kijana ambaye watu walimpa jina la Mama Vumbi kwa vile kampeni alizifanya kwa miguu. Alimwambia anataka mambo mawili. Kituo kirudi getini. Na Meya mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele za watu, aseme kukiondoa kulikuwa ni kosa. Pole hakuitaka. Pole alishapewa na kila mtu, mpaka na wale waliokuja matangani kumtazama anavyokula.

Mama Vumbi aliandika yote, akaapa kwamba siku ya Meya kuhojiwa, swali litaulizwa.

Ndiyo siku yenyewe. Fundi alikaa kwenye benchi la wageni, la mbao, akasogea pembeni kumwachia mtu nafasi. Hakukuwa na mtu. Roshani yote ilikuwa yake peke yake. Chini, waheshimiwa walikuwa wamezama kwenye viti vya ngozi, na jicho la kazi likamwonyesha fundi kwamba ndani mna sponji nene, ile ambayo mtu akishaikalia hana haraka tena na jambo la mtu mwingine.

Meya alisimama mbele, suti imemkaa, sauti ya kubembeleza. Diwani mmoja mwenye kitambi akaanza.

"Mheshimiwa Meya ametuhimiza wote tupande baiskeli. Naomba kujua, ya kwake ameiegesha wapi?"

Kicheko.

"Yangu iko kwa fundi, mheshimiwa."

"Tangu uchaguzi?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na Meya naye akacheka, maana kucheka hakumgharimu kitu. Mwingine akauliza mabasi ya umeme yatakuja lini. Akaambiwa mchakato unaendelea. Mwingine akauliza ile miti iliyopandwa kando ya barabara nani anaimwagilia. Akaambiwa mvua ziko njiani.

"Waheshimiwa," Meya alisema, "jiji hili haliwezi kuendelea kuvuta moshi. Tuwafikirie wajukuu zetu."

Madiwani wakagonga meza. Fundi akang'ata meno. Wajukuu wanafikiriwa, alijisemea, bibi yao anafia darajani. Wakubwa ni hivyo: humpenda sana mtu ambaye hajazaliwa, kwa sababu huyo hana la kuwauliza.

Maneno yakazaa maneno, mpaka mwenyekiti wa kikao akamtazama Mama Vumbi. "Mheshimiwa, wewe ndiye wa mwisho. Zimebaki dakika mbili saa ya maswali iishe. Fupisha."

Mama Vumbi akainuka na karatasi yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla ya swali langu, naomba baraza hili limkumbuke mama mmoja wa kata yangu, aliyefia darajani akitoka hospitali. Mumewe tunaye, kule juu."

Nyuso zote zikageukia roshani. Na katika baraza lile ulikuwepo utaratibu wa miaka: marehemu akiombewa kukumbukwa, hakuna anayekataa, na watu wote husimama kimya kwa dakika nzima. Viti vya ngozi vikatoa pumzi. Wakasimama wote, mwenye kitambi naye, makarani nao. Meya akainamisha kichwa, mikono ameikutanisha.

Fundi akasimama pia, akashika chuma cha roshani. Mwanamke ambaye kwenye ofisi za jiji hata tarishi hakuwahi kumwitikia salamu, leo Meya amemwinamia. Tangu azike, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba msiba ule haukuwa wake peke yake. Alitamani dakika isiishe.

Ikaisha. Wakakaa, wakakohoa, wakavuta mashati. Mama Vumbi akafunua karatasi.

"Swali langu, Mheshimiwa Mwenyekiti, ni kuhusu kituo cha..."

Katibu akagonga kengele.

"Saa ya maswali imekwisha," mwenyekiti alisema. "Swali la mheshimiwa litajibiwa kwa maandishi. Tunaendelea."

Meya akanywa maji, akarudi kitini. Hata sura ya mtu aliyeponea chupuchupu hakuwa nayo. Fundi alibaki amesimama peke yake ukumbi mzima, kisha akashuka.

Mama Vumbi alimkuta nje ya ukumbi, macho yamemlowa. "Umeona, baba? Jiji zima limesimama kwa ajili ya mama."

"Nimeona. Na swali?"

"Watajibu kwa maandishi."

"Mwanangu, mimi kusoma najikokota. Na hayo maandishi Meya hayatamki kwa kinywa."

Mama Vumbi akainamisha kichwa. "Nilisema tumheshimu kwanza. Sikujua ile dakika yake ndiyo itakayotumalizia muda."

Fundi alikuwa ameshuka ngazi na hasira kifua kizima, akitafuta wa kummwagia. Wenye kustahili walikuwa ndani, mlango umefungwa. Aliyekuwa mbele yake ni mtoto wa rika la binti yake, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

"Unaweza kuuliza tena?"

"Kikao kijacho, ndiyo. Lakini mama hatutamtaja. Kanuni haikubali marehemu akumbukwe mara mbili. Nikimtaja tu mwenyekiti atanikatiza, na muda utakwenda tena. Itabidi niulize kituo peke yake: kinarudi lini."

"Na kosa?"

"Kosa lazima liwe na mtu aliyekosewa, baba. Tukimwondoa mama, kinabaki kituo tu."

Ndani waheshimiwa walikuwa wameshaanza kucheka jambo jingine. Fundi akamkumbuka yule mwanamke aliyekuwa akilala kitanda cha pili penye mashine, jirani wa mkewe. Alikuja msibani akitweta, akaomba maji kabla ya kutoa pole. Amepitia darajani. Na bado anapita.

Akaigeukia karatasi ya Mama Vumbi.

"Basi mtoe," alisema. "Mtoe mke wangu, kituo kibaki."

Mama Vumbi akaweka karatasi ukutani, akachora mstari juu ya jina. Lilikuwa jina fupi, halikumchukua muda.

"Nikupigie simu siku ya kikao?"

"Nitakuja."

"Lakini baba, hutasikia akitajwa."

"Ndiyo maana nitakuja," fundi alisema. "Awemo mtu mmoja mle ndani anayejua wanaulizana juu ya nani."