Mwenye Nyumba Haketi

Kwetu Čačak, siku ya mtakatifu wa nyumba hakuna anayealikwa. Anayekukumbuka anakuja mwenyewe, na kumfukuza ni mwiko. Na mwenye nyumba haketi. Anasimama tangu asubuhi, anamimina rakija, pombe yetu kali ya matunda, anasogeza samaki na maharage, mpaka mgeni wa mwisho aage. Marehemu baba nilimwona akiketi mara moja tu, mbele ya jirani aliyemsogezea mpaka wa shamba, na jirani yule hakukanyaga kwetu tena. Kwa hiyo Vidoje alipobisha hodi mchana, chupa ya divai mkononi, nilimfungulia, ingawa kiganja kilikuwa kinaniwasha kumzaba kofi.

Vidoje ni kumu wangu. Alisimamia ndoa yangu, akawa baba wa ubatizo wa binti yangu Stanija. Tangu tukiwa wavulana tunashabikia mashine za gemu za Kestra, ila yeye alizidi. Ana ukurasa wa mashabiki mtandaoni, maelfu ya watu, na akisema ruka wanaruka.

Mwezi wa kumi Kestra yangu mpya ilishika moto. Moto kabisa, wa kuunguza kabati na pazia! Nikaandika kwenye ukurasa wake, kwa adabu zangu zote: jamani, mashine hii ina kasoro, kampuni iwarudishie watu pesa kabla haijaua mtu. Lo! Nikawa msaliti. Eti nimenunuliwa na wapinzani. Na Vidoje, kwa kidole chake mwenyewe, akaandika: "Mpelekeeni salamu dukani kwa binti yake," akaweka na jina la duka.

Stanija anaoka keki. Mtandaoni duka likamiminiwa maoni ya nyota moja na watu wasioijua hata njia ya kuja Čačak. Eti keki zina mende. Eti mwokaji ana upele. Maharusi wakafuta oda zao mmoja baada ya mwingine, na Stanija anasema hali ikiendelea hivi, atafunga duka mwaka ukiisha. Nilimkuta juzi amekaa mbele ya tanuri baridi, hata taa hakuwasha. Mtoto wangu achafuliwe kwa ajili ya kasha la plastiki! Wenye kampuni hawajui kama tumezaliwa, na sisi huku tunatoana macho kwa ajili yao. Nina hasira mpaka leo, na sioni haya kuisema.

Vidoje akaingia, akafanya ishara ya msalaba, akala kijiko cha ngano tamu ya sikukuu, akanibusu mashavuni mara tatu.

"Heri ya sikukuu, kumu!"

"Karibu," nikasema, meno yameumana.

Akakaa kati ya shemeji yangu Dragutin na mke wangu Nevenka. Stanija akamwekea samaki.

"Mwanangu, mbona umekonda?" akamtania. "Onja basi hizo keki zako!"

Akacheka peke yake. Stanija akarudi kusimama mlangoni pa jikoni.

"Kumu," nikasema, "futa yale maneno. Waambie watu wako waondoe zile nyota."

"Aa, bado una kinyongo? Ule si utani wa mashabiki tu, bwana!"

"Utani gani? Mtoto anafunga duka!"

"Nani alikutuma kuianika Kestra mbele ya maadui? Ya nyumbani husemwa nyumbani."

"Iliwaka moto, Vidoje!"

"Najua zinawaka," akasema, mdomo umejaa samaki. "Yangu iliungua mwezi wa tisa. Nikanunua nyingine, nikanyamaza. Ndiyo mapenzi hayo."

Nevenka akaweka chini bakuli la maharage. Mwezi wa tisa! Kabla ya yangu. Kumbe alijua, akaniacha niiwashe sebuleni huku mke wangu amelala chumba cha pili. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema kweli.

"Simu yako hiyo hapo," nikamwambia. "Andika sasa hivi kwamba yako iliungua kwanza."

"Thubutu! Watanila mbichi. Na mashine mpya inatoka mwezi wa tatu, wameahidi kunialika kwenye uzinduzi."

"Na Stanija?"

Akamtupia jicho pale mlangoni. "Atafungua duka jingine. Bado kijana." Kisha akaniinulia glasi yake tupu. "Mimina, mwenye nyumba."

Nikaiweka chupa upande wa pili wa meza. Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake.

Dragutin aliacha kutafuna. Vidoje alikitazama kiti, akanitazama mimi, rangi ikamtoka usoni.

"Obrad, simama," akanong'ona. "Simama, kumu wangu, watu wanaona."

"Waone."

Stanija akaleta koti la Vidoje, akamshikia mpaka alipoingiza mikono yote miwili. Mlango ulipofungwa nikasimama, nikachukua chupa, nikaendelea kuwamiminia wageni.