Mtaro Usio na Mifuniko

Mtaro ule niliujenga mimi, Shigela, kwa mikono hii, kwa hiyo asije mtu hapa Kisesa akaniambia yaliyompata mama mkwe wangu ni bahati mbaya. Bahati mbaya ni radi. Hili lilipangwa na watu wenye ramani mezani na chai mkononi, na mimi fundi nikalitekeleza kwa mwiko wangu.

Ramani niliiona kwa macho yangu. Barabara ya kuingia sokoni iwekwe lami, kando yake mtaro wa maji ya mvua, na juu ya mtaro mifuniko ya zege ili watu wapite salama. Tukachimba, tukajenga kwa mawe, kina kikanifika kifuani. Lami ikaja, tena nzuri, magari yakaanza kukimbia kama yanafukuzwa. Mifuniko haikuja. Nikamuuliza Bwana Masele, msimamizi wa mradi, watu watapita wapi. Alikuwa ndani ya gari, hata kioo hakukishusha chote. Akasema watembea kwa miguu huwa hawakosi pa kupita, watajipitia. Nami mjinga nikafunga begi langu nikaenda zangu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Uongo. Nilichimba mimi, akaumia mama wa watu.

Mama mwenyewe ni Mama Rebeka, aliyenizalia mke. Ana kisukari. Muuguzi wa zahanati alimwambia atembee nusu saa kila siku, asikae tu akimenya mihogo, na ailinde miguu yake kama mboni ya jicho. Akatii. Kila asubuhi anafunga kanga kiunoni, anakwenda mpaka sokoni na kurudi. Miezi minne tu sukari ikashuka. Akawa anawatania majirani wanaopanda bodaboda kwenda kununua chumvi, eti wanawahi mazishi yao.

Sasa hapo pa kutembea ni wapi? Huku shimo, huku lami, katikati umebaki ukanda wa udongo wa kumtosha mtu mmoja na ndoo yake. Ng'ambo ya barabara wenye maduka wamesukuma vibaraza vyao mpaka kwenye lami. Watoto wa shule, wajawazito, wazee, wote wanapita kwenye ukanda ule ule.

Na sisi Wasukuma tuna heshima ya ukwe. Mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake njiani. Ukimwona anakuja, unaacha njia, unageuza uso mpaka apite. Kule kijijini ni jambo dogo, unaingia zako kwenye mtama. Asubuhi ile nimebeba begi la vifaa, nikaiona kanga yake ikija, hatua ishirini mbele yangu. Nigeuke nirudi, nyuma yangu wamefuatana akina mama na mabeseni ya dagaa. Niruke mtaroni, nivunjike shingo. Nikasogea ukingoni kabisa, nikampa mgongo, nikatazama maji machafu. Nikadhani nimemwachia njia. Yeye naye akaona kupita huku anamgusa mkwe wake ni aibu, akashuka kwenye lami ili anizunguke.

Nilisikia breki. Nilipogeuka, kirikuu iliyobeba nyanya ilikuwa imeshampiga, nyanya zimetapakaa barabarani, na mguu wake wa kushoto umelala vibaya. Mkono wangu ungeweza kumdaka, alikuwa karibu kiasi hicho. Lakini nilikuwa nimegeuza uso, kwa adabu.

Nikambeba mikononi, mimi mkwe wake, mbele ya watu wote.

Kidonda cha mwenye kisukari hakina huruma. Wiki ya tatu walimkata mguu chini ya goti.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, Masele akaja na shati lililonyooshwa kwa pasi. Akatupa pole. Kisha akatufundisha kutembea: tutazame kulia na kushoto, tuvae nguo zinazoonekana, tusizubae. Akamalizia kwa kutabasamu kwamba hata wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Na watu wengine wakacheka, jamani. Damu ikanichemka, nikasimama bila kunyoosha mkono.

"Bwana Masele," nikasema, "mama yule amepisha watu maisha yake yote. Hata mimi alinipisha. Wewe ndiye hukumpisha. Umemnyima hatua mbili za kupita, halafu leo unakuja kutufundisha kutembea?"

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Nilipofika nyumbani, mke wangu Rebeka akaniambia mama yake ananiita. Nikaenda, nikakaa mlangoni pake, uso nimeuelekeza ukutani, kama inavyotakiwa. Akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nioe kwake.

"Shigela, ulijua ile mifuniko haipo?"

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Nikamsikia akijisogeza kitandani.

"Basi usinipe mgongo tena," akasema. "Nitazame. Halafu nenda ukaufunike huo mtaro, maana nimeambiwa bado natakiwa kutembea."

Nikageuka, nikamtazama yeye na pale mguu ulipoishia. Nililia, wala sioni haya kusema.

Kesho yake nilianza kusuka nondo pale pale barabarani. Mafundi wenzangu wakaleta mchanga na saruji iliyobaki kwenye kazi zao, akina mama wa dagaa wakachota maji. Kufika siku ya tano tulikuwa tumemwaga zege la mifuniko kumi. Ndipo Masele akasimamisha gari, akashusha kioo nusu, akauliza kibali kiko wapi. Sikuinua kichwa.

"Kibali anacho mama mkwe wangu," nikamwambia. "Kamwombe. Nyumba ile ya tatu, yenye magongo mlangoni. Nenda kwa miguu."